Plastiki ipi inafaa kuwa dirisha la kihisi cha infraredi kwenye shamba la zabibu?

Mkulima_Hombolo

Wanajukwaa, habari za kazi. Ninalima zabibu Hombolo, nje kidogo ya jiji la Dodoma, na kwa sasa ninaunda kifaa cha kupima joto la majani bila kuyagusa, ili nitambue kwamba mzabibu umeanza kupata kiu kabla majani hayajaonyesha dalili yoyote kwa macho. Jambo lenyewe si geni kwa wataalamu wa umwagiliaji: mmea wenye maji ya kutosha hupoza majani yake kwa kuvukiza maji kupitia matundu madogo ya jani, na maji yakipungua kwenye mizizi matundu hayo hujifunga, jani likapata joto kuliko kawaida yake. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wamekuwa wakitumia tofauti kati ya joto la jani na joto la hewa kuamua siku ya kumwagilia. Kwetu huku mvua huisha mwezi wa Aprili na hairudi mpaka karibu Desemba, kwa hiyo kila lita ninayoiokoa kwenye mfumo wangu wa matone ina thamani.

Kihisi ninachotumia ni MLX90614 cha Melexis, kile kidogo chenye kofia ya chuma, ambacho kina kichujio chake cha kupokea mawimbi ya infraredi, yaani mnururisho wa joto usioonekana kwa macho, ya kuanzia mikromita 5.5 hadi 14. Kinafanya kazi vizuri nikiwa nimekishika mkononi. Shida inakuja pale kinapotakiwa kukaa shambani mchana na usiku, kwa sababu vumbi la kiangazi, umande, mvua ya masika na salfa tunayopulizia dhidi ya ukungu vyote huishia juu ya kile kijidirisha chake. Ninahitaji kukifungia ndani ya kisanduku chenye dirisha la kinga mbele yake. Kioo cha kawaida hakifai, na akriliki angavu haifai pia, maana vyote viwili hukifanya kihisi kisome joto la kizuizi chenyewe badala ya joto la jani lililo nyuma yake.

Ningependa kujua ni plastiki ya aina gani inayopitisha mawimbi haya, inapaswa kuwa na unene gani, itavumilia jua letu kwa kiasi gani, na kama inapatikana hapa Dodoma bila kuagiza kutoka nje ya nchi. Madirisha ya germani, ile elementi inayopitisha infraredi, nimeyaona mtandaoni, lakini bei ya kipande kimoja inazidi bei ya kihisi chenyewe, nami ninataka kuweka vifaa kadhaa katika safu mbalimbali za shamba.

Mwalimu_wa_Kemia

Ndugu Mkulima, swali lako ni zuri na nitalijibu kwa kirefu, kwa sababu mtu akielewa chanzo cha jambo hili ataweza kuichagua plastiki mwenyewe hata ile ambayo hatukuitaja hapa.

Kwanza, macho yasiwe hakimu katika suala hili. Uangavu wa plastiki machoni hausemi lolote kuhusu uangavu wake kwa mawimbi unayoyahitaji. Jani lenye nyuzi 30 za sentigredi hutoa mnururisho wake mwingi kuzunguka urefu wa wimbi wa mikromita 9.6, wakati macho yetu hayaoni chochote kilichozidi takribani mikromita 0.7. Katika eneo hilo la mawimbi marefu kinachoamua ni vifungo vya kikemia kati ya atomu. Kila kifungo kina mitetemo yake ya asili, ambayo hutegemea uzito wa atomu zinazoungana na uthabiti wa muungano wao, na mnururisho wenye mtetemo unaolingana na wa kifungo hicho hufyonzwa na kugeuka kuwa joto ndani ya plastiki.

Sasa tazama akriliki. Ndani yake kuna kaboni iliyoungana na oksijeni kwa kifungo maradufu, ambacho hufyonza karibu na mikromita 5.8, na kuna kaboni iliyoungana na oksijeni kwa kifungo kimoja, ambacho hufyonza sana kati ya mikromita 8 na 9. Polikaboneti ya mapaa angavu na plastiki ya chupa za maji ya kunywa zina vifungo vya jamii hiyo hiyo. Ndiyo maana plastiki hizi zote, ambazo mtu husoma gazeti kupitia kwake, huwa ukuta mbele ya kihisi chako zikifikia unene wa milimita moja. Kioo nacho kinazuiwa na kifungo cha silikoni na oksijeni, na hakipitishi chochote cha maana baada ya mikromita 5.

Polithini ni tofauti kabisa. Mnyororo wake ni kaboni na haidrojeni tu, hakuna oksijeni, hakuna klorini, hakuna florini. Kwa hiyo hufyonza kwa nguvu katika sehemu tatu: kati ya mikromita 3.4 na 3.5, ambapo kaboni na haidrojeni zinavutana. Karibu na 6.8, ambapo vifungo hivyo vinapinda. Na kati ya 13.7 na 13.9, ambapo vinayumba kwa pamoja. Kuanzia mikromita 7.5 hadi 13 njia iko karibu wazi, na hapo ndipo jani lako linapotoa sehemu kubwa ya mnururisho wake unaoweza kupimwa. Sijui plastiki nyingine ya bei nafuu inayokaribia sifa hii.

Polipropilini mara nyingi hutajwa pamoja na polithini kana kwamba ni ndugu wasiotofautiana, lakini kila hatua ya pili ya mnyororo wake imebeba kikundi cha ziada cha kaboni na haidrojeni tatu, na kikundi hicho huleta mifyonzo mipya karibu na mikromita 7.3, 8.6, 10.0, 10.3 na 11.9. Ikiwa nyembamba sana inaweza kutumika, ila ukiwa na uhuru wa kuchagua, chagua polithini. Polistirini ina mifyonzo mingi na myembamba kiasi kwamba maabara hutumia utando wake kuhakiki mashine za kupimia infraredi, jambo linaloifaa maabara lakini si dirisha. Teflon hupitisha vizuri mawimbi mafupi zaidi, lakini kifungo cha kaboni na florini hufyonza kwa nguvu sana kati ya mikromita 8.3 na 8.7, kwa hiyo ingekukata katikati ya eneo unalolitaka. PVC iondoe kabisa katika fikra zako, hasa ile laini, kwa kuwa mafuta yanayowekwa kuilainisha yamejaa vifungo vya oksijeni.

Kuhusu unene, hapa ndipo wengi wanapopoteza faida ya plastiki nzuri waliyoichagua. Sehemu ya mnururisho huakisiwa kwenye nyuso mbili za utando, karibu asilimia 4 kwa kila uso kwa upande wa polithini, na hasara hiyo haibadiliki utando uwe mnene au mwembamba. Ufyonzaji ndio unaokua kwa kuzidishwa. Mawimbi ambayo utando wa milimita 0.1 unapitisha ndani yake kwa asilimia 90, utando wa milimita 1 utayapitisha kwa asilimia 35 tu, kwa maana ni 0.9 iliyozidishwa yenyewe mara kumi. Kwa hiyo lenga unene wa kati ya milimita 0.03 na 0.1, usio na rangi, uliovutwa vizuri juu ya pete ngumu usilegee na kupepea. Usihofu ukiona polithini ya msongamano mkubwa ina weupe kama wa maziwa: weupe huo unatokana na fuwele ndogo zinazotawanya mwanga wa mawimbi mafupi, na mtawanyiko huo hupungua sana wimbi linapokuwa refu.

Fundi_Majengo

Mbukwenyi, wana Dodoma. Ninakubaliana na Mwalimu kuhusu polithini, lakini nina mtazamo tofauti kidogo kuhusu utando mwembamba, kwa kuwa mimi hufunga na kutengeneza taa na ving'ora vinavyowashwa na mtu anapopita.

Kile kifuniko cheupe chenye mistari kilicho mbele ya vifaa hivyo ni polithini ya msongamano mkubwa, na kwa kawaida kina unene wa karibu nusu milimita. Kinakaa ukutani nje ya nyumba, kinapigwa na jua na mvua kwa miaka, na bado kihisi kilicho ndani kinaona joto la mwili wa mtu. Huo ni ushahidi kwamba polithini nene kiasi, iliyowekewa rangi na kinga ya jua kwa ustadi, inaweza kuishi nje kwa muda mrefu. Utando wa milimita 0.05 utachanwa na tawi la mzabibu au kutobolewa na ndege siku ambayo wewe hupo shambani. Ikiwa utatumia utando, basi weka wavu wa waya wenye matundu mapana mbele yake, na uhakikishe nyaya hizo haziingii katika eneo ambalo kihisi kinaliona.

Hata hivyo, usijaribu kukata kipande cha kifuniko cha taa na kukiweka mbele ya kihisi chako. Ile mistari ni lenzi nyingi zilizobanwa pamoja, na zitakifanya kihisi kipokee joto kutoka pande ambazo hukukusudia. Kifaa cha kumtambua mtu anayetembea kinahitaji mabadiliko ya ghafla tu, ambapo wewe unahitaji joto lenyewe, tena kwa usahihi wa nusu nyuzi. Hizo ni kazi mbili zisizofanana.

Na kuhusu germani, watu wengi huisifu bila kuuliza kama imepakwa utando wa kupunguza mwakisiko. Germani tupu huakisi karibu asilimia 36 ya mnururisho kwenye kila uso, na ukihesabu nyuso zote mbili inapitisha chini ya nusu. Ile iliyopakwa vizuri hupita asilimia 90, lakini bei yake ni nyingine. Kwa hiyo mtu anayenunua kipande cha bei nafuu cha germani mtandaoni anaweza kupata dirisha linalopitisha kidogo kuliko kipande cha polithini. Kwa upande wa ugumu na uimara germani itashinda, sikatai.

Bi_Vifungashio

Ndugu Mkulima, mimi nimefanya kazi kwa muda mrefu katika uzalishaji wa vifungashio vya plastiki, na ningependa kuongeza jambo ambalo Mwalimu hakuligusa: plastiki ya dukani si polithini peke yake. Kiwandani tunachanganya vitu vingine ndani yake, na baadhi ya vitu hivyo vinaweza kuharibu kabisa kazi yako ingawa jina la plastiki ni lile lile.

Mfano mkubwa ni karatasi la plastiki la kitalu nyumba. Mtu angedhani kwamba, kwa kuwa ni polithini na limewekewa kinga ya jua, ndilo bora kwa shamba. Lakini aina nyingi za karatasi hilo zimetengenezwa makusudi zizuie infraredi ndefu, ili joto la udongo lisitoroke usiku, na huwekewa madini kama talki au udongo mweupe wa kaolini, au huchanganywa na plastiki yenye vifungo vya oksijeni. Linafanya kinyume kabisa cha unachokitaka. Ikiwa maelezo ya karatasi hilo yanasema kwamba linatunza joto la usiku, liache.

Kiasi kidogo cha talki au unga wa silika huwekwa pia kwenye tando nyembamba za kawaida ili zisigandamane kwenye roli. Kiasi hicho ni kidogo, lakini madini hayo hufyonza katika mikromita 9 hadi 10, kwa hiyo kati ya tando mbili zinazofanana chagua ile ambayo hugandamana unapoikunja. Rangi nyeusi ya kaboni huilinda plastiki dhidi ya jua kuliko kinga nyingine nyingi, na utando mweusi mwembamba bado hupitisha joto kwa kiasi cha kushangaza, jambo ambalo watu wenye kamera za joto hupenda kulionyesha kwa kuficha mkono ndani ya mfuko mweusi wa taka. Tatizo ni kwamba utando mweusi juani hupata joto kali, na kwa kihisi chako hilo ni balaa.

Sasa, utapata wapi? Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, lakini vifungashio vya kilimo, viwanda na ujenzi viliruhusiwa, na humo ndimo unapopaswa kutafuta. Pendekezo langu la kwanza ni mfuko wa kuhifadhi mahindi bila dawa wa aina ya PICS, ambao unauzwa kwenye maduka ya pembejeo. Ndani ya kiroba kuna mifuko miwili ya polithini ya msongamano mkubwa, kila mmoja ukiwa na unene wa mikroni 80, yaani milimita 0.08, na huo uko ndani ya kipimo alichokitaja Mwalimu. Mfuko mmoja utakutosha kwa madirisha ya miaka mingi. Uwe mwangalifu tu na mifuko ya aina nyingine yenye tabaka nyingi, kwa sababu baadhi ina tabaka la ndani la kuzuia gesi ambalo si polithini.

Ukipata plastiki isiyo na maelezo, tazama namba iliyo ndani ya pembetatu: 2 na 4 ni polithini, 5 ni polipropilini, 1 ni plastiki ya chupa, 3 ni PVC. Kama hakuna namba, tumbukiza kipande kwenye maji na ukiondolee viputo vya hewa. Polithini na polipropilini huelea, nyingine nilizozitaja huzama. Kisha, ukiwa nje penye hewa, choma kipande kidogo sana: polithini huwaka taratibu ikidondosha matone na kutoa harufu ya mshumaa uliotoka kuzimwa, ilhali PVC hutoa moshi wa kuwasha koo na huzimika ukiiondoa motoni. Moshi huo una tindikali, usiuvute.

Kuhusu jua, polithini isiyo na kinga itaoksidika. Kwenye mwinuko wetu wa zaidi ya mita 1,000 na anga isiyo na mawingu kwa miezi mingi, utando mtupu utakakamaa na kupasuka kabla ya msimu kuisha iwapo jua litaupiga moja kwa moja. Kinachotokea ni kwamba oksijeni inaingia kwenye mnyororo na kuunda vile vile vifungo maradufu ambavyo Mwalimu alivilaumu katika akriliki, kwa hiyo dirisha linaharibika kwa nguvu na kwa uangavu kwa wakati mmoja. Lihesabu kama kifaa cha kubadilishwa, na ulitengenezee pete ya kubana ambayo utaifungua kwa mkono bila bisibisi.

Mkulima_Hombolo

Nawashukuru sana Mwalimu, Fundi na wewe Bi Vifungashio. Utando wa mfuko wa PICS ninao tayari, maana tunautumia nyumbani kuhifadhia mtama, na kihisi kinaona kupitia kwake bila wasiwasi. Jambo linalonisumbua sasa ni kwamba asubuhi usomaji unakaribiana na ule usio na dirisha, lakini kufikia saa sita mchana unakuwa juu kwa nyuzi tatu au nne. Jani lenye kiu hutofautiana na jani lililoshiba maji kwa nyuzi chache tu, kwa hiyo kosa hilo linafuta kila kitu. Je, utando unabadilika sifa ukipata joto?

Mhadhiri_Fizikia

Ndugu Mkulima, sifa za utando hazijabadilika kwa kiwango cha kukuletea kosa hilo. Kilichobadilika ni joto la kisanduku. Kitu chochote kinachofyonza mnururisho wa wimbi fulani hutoa pia mnururisho wa wimbi hilo hilo kwa uwiano ule ule, hii ni kanuni ya Kirchhoff, na kwa hiyo sehemu ambayo dirisha halipitishi haibaki tupu. Inajazwa na joto la dirisha lenyewe na mwakisiko wa vitu vilivyo upande wa kihisi.

Chukulia dirisha linapitisha asilimia 75, linafyonza 15 na kuakisi 10. Jani lina nyuzi 30, na kisanduku pamoja na dirisha vimefikia nyuzi 45 kwa sababu ya jua la mchana. Kihisi kitapokea robo tatu ya ujumbe wake kutoka kwenye jani na robo moja kutoka kwenye kisanduku, na kitasoma karibu nyuzi 34. Unaona kwamba hesabu hii inalingana na unachokiona shambani. Asubuhi kisanduku na jani vina joto linalokaribiana, kwa hiyo kosa hujificha.

Habari njema ni kwamba kosa hili linarekebishika kwa urahisi iwapo utatimiza sharti moja: dirisha na kihisi viwe na joto moja. Sharti hilo likitimia, athari ya dirisha inafanana kabisa na ya kupima kitu chenye uwezo mdogo wa kutoa mnururisho, na MLX90614 ina sehemu katika kumbukumbu yake ya kurekebisha uwezo huo kati ya 0.1 na 1.0. Jani lina uwezo wa takribani 0.96. Ukilizidisha na kiwango cha upitishaji wa dirisha lako, kwa mfano 0.82, unapata 0.79, na hiyo ndiyo namba ya kuweka. Sharti lenyewe utalitimiza kwa kuweka utando karibu sana na kofia ya kihisi, kuufunga kihisi na pete ya dirisha kwenye kipande kimoja cha aluminiamu, na kukiweka kisanduku kizima chini ya kivuli cha bati jeupe lenye nafasi ya hewa katikati. Kivuli hicho kitaondoa pia sehemu kubwa ya hofu ya Bi Vifungashio kuhusu jua.

Upitishaji wa dirisha usiukisie, upime mwenyewe. Chukua kopo la chuma, libandike ubavuni karatasi ya gundi ya wapaka rangi, lijaze maji ya moto na uyakoroge. Pima ubavu wa kopo kwenye karatasi hiyo bila dirisha, kisha upime ukiwa umeweka dirisha ambalo limekaa kivulini na lina joto sawa na kihisi. Tuseme kihisi kina nyuzi 25, kopo linasomeka nyuzi 70 bila dirisha na 63 likiwa na dirisha. Ukigawanya tofauti mbili hizo, 38 kwa 45, unapata 0.84. Lakini mnururisho hukua kwa nguvu ya nne ya joto linalohesabiwa kutoka sifuri halisi, kwa hiyo ongeza 273 kwenye kila namba, uipandishe kwa nguvu ya nne, ndipo utoe na kugawanya. Utapata 0.82. Tofauti hiyo ni ndogo, lakini kwa kazi yako inafaa kuizingatia. Fanya kipimo haraka, maana utando ukikaa mbele ya kopo la moto nao unapata joto.

Niongeze jambo moja kuhusu vumbi, kwa sababu ninaamini litakusumbua kuliko kitu kingine chochote. Vumbi la Dodoma limejaa mchanga laini na udongo wa mfinyanzi, yaani silikoni na oksijeni, na kifungo hicho hufyonza katika mikromita 9 hadi 10, pale pale ambapo jani lako lina kilele. Tabaka jembamba ambalo macho hayalioni vizuri linaweza kupunguza usomaji. Maji nayo hayapitishi mawimbi haya hata yakiwa utando mwembamba kuliko karatasi, kwa hiyo umande wa alfajiri utakupa joto la umande. Elekeza dirisha chini, likitazama majani kutoka juu, ili vumbi na matone visitulie juu yake. Unapolisafisha tumia kitambaa chenye unyevu, kwa sababu polithini ikisuguliwa kavu hupata chaji ya umeme tuli na kuvuta vumbi zaidi ya lile uliloliondoa.

Matumizi haya ya polithini si ya kubahatisha. Wataalamu wa hali ya hewa wametumia kuba za polithini nyembamba kwenye vipimo vyao vya mnururisho kwa miongo mingi, wakizijaza hewa kavu ili zisibonyee na zisipate ukungu ndani, na wamekuwa wakizibadilisha mara kwa mara kwa sababu zile zile zilizoelezwa hapa. Kifuko kidogo cha chembe za kunyonya unyevu ndani ya kisanduku chako kitafanya kazi ya ile hewa kavu.

Mtunza_Ghala

Samahani kwa kuingia katikati ya mjadala. Mimi ninahusika na uhifadhi wa mahindi na alizeti, na tunafikiria kupima hewa ya kaboni dayoksaidi ndani ya shehena, kwa kuwa kiwango chake hupanda wadudu au ukungu wanapoanza kuzaliana. Kipimo tunachotaka kukitengeneza kina taa ya infraredi upande mmoja na kihisi upande wa pili, na vyote viwili vinahitaji kukingwa na vumbi la nafaka. Je, polithini hii hii inafaa?

Mwalimu_wa_Kemia

Ndugu Mtunza Ghala, inafaa, na kwako kazi ni rahisi kuliko ya mwenzetu wa Hombolo. Kaboni dayoksaidi hufyonza karibu na mikromita 4.26. Polithini ina mfyonzo wake mkubwa unaoishia kabla ya mikromita 3.7, kisha iko wazi mpaka inapokaribia 6.8, kwa hiyo wimbi lako linapita katikati ya uwazi huo. Utando ule ule wa mikroni 80 utatosha, na ghalani hakuna jua la kuuharibu.

Utakutana na watu watakaokushauri utumie Teflon, kwa sababu haishiki uchafu na mfyonzo wake mkuu uko mbali, kule kwenye mikromita 8. Kwa vipimo vingi vya mawimbi mafupi ushauri huo ni sahihi. Kwako sivyo, maana Teflon ina mfyonzo mwingine dhaifu karibu na mikromita 4.2, ambao unatokana na mitetemo yake miwili ikijumlishwa, nao unaangukia karibu kabisa na wimbi la gesi unayoitafuta. Hautaongezeka wala kupungua gesi inapobadilika, lakini utakula sehemu ya ishara yako bila sababu. Kama ni lazima utumie Teflon, itumie kama kichujio cha vumbi pale gesi inapoingilia, kwa kuwa ile yenye vitundu vidogo hupitisha hewa na kuzuia unga, na uiache polithini isimame mbele ya taa na kihisi.